Kompyuta ya mtumba nimeigeuza teminali ya mfumo wa zamani, Backspace inafunga programu na vitufe vya F havifanyi kazi

mtunza_stoo

Wakuu salaam, naombeni msaada wa haraka maana kesho ni Jumatatu na bosi hataki kusikia habari za kompyuta.

Nipo duka la spea za magari Kariakoo. Mfumo wetu wa stoo na ankara ni wa zamani sana, unakaa kwenye seva inayotumia Unix ya kampuni ya SCO (mfumo endeshi wa zamani), ule wa maandishi tupu, hakuna mausi hakuna picha, jamaa aliyeuandika sijui hata yuko nchi gani siku hizi. Msinicheke, unapiga kazi, toka nimeingia hapa haujapoteza hata ankara moja. Kaunta na stoo tulikuwa na teminali 3 za Wyse 60, zile za skrini ya kijani, yani skrini na kibodi tu kazi yote inafanywa na seva, kila moja na waya wake wa siriali mpaka kwenye seva. Wiki iliyopita ya kaunta ya mbele imetoa moshi ikafa. Fundi kaifungua, kaikodolea macho, kaifunga, kasema spea hakuna.

Basi nikachukua kompyuta ndogo ya mtumba iliyotoka Ujerumani pamoja na kibodi yake ya hukohuko, mdogo wangu kaiwekea Ubuntu, seva ina kadi ya neti kwahiyo tukavuta waya, nikafungua teminali ya Ubuntu nikaandika telnet (amri ya kuingia kwenye seva kupitia neti) na namba ya seva, ikakubali palepale. Nikaona nimemaliza, kumbe ndo naanza.

Shida ya kwanza, Backspace. Mama wa kaunta akikosea herufi akibonyeza Backspace programu nzima inajifunga, anajikuta nje. Ankara ya mistari 20 inaenda na maji. Jana kalia mara mbili, na simlaumu.

Pili, vitufe vya F. Kwenye mfumo wetu F2 ni kutafuta bidhaa, F5 ni mteja mpya, F10 ni kuhifadhi. Sasa F2 inamtoa kwenye ukurasa halafu inaandika OQ. F5 inaandika [15~ na kuna ankara imeshatoka na mteja anaitwa [15~, nimeificha kwenye droo bosi asiione. F10 ndo kabisa, inafungua menyu ya dirisha la Ubuntu.

Tatu, Y na Z zimebadilishana. Toyota inakuwa Tozota, Isuzu inakuwa Isuyu, Suzuki inakuwa Suyuki. Mama anaandika bila kuangalia vidole, kazoea miaka.

Wakati wa kuingia seva inauliza TERM = (ansi), yani teminali yako ni aina gani, mimi nabonyeza Enter tu. Nilijaribu kuandika wy60 nikidhani ndo jina la teminali yetu ile iliyokufa, skrini ikajaa takataka tupu. Nimekwama wakuu.

kijana_wa_cloud

Mkuu mwaka gani huu na bado mnatumia hiyo kitu? Hamieni kwenye mfumo wa kisasa wa kwenye brauza, kila kitu ni kubofya tu.

mtunza_stoo

Asante kaka, nitamwambia bosi. Akikubali kutoa hela nitakutafuta. Kwa sasa nina kaunta moja haifanyi kazi na kesho foleni inaanza saa 2 asubuhi.

dada_wa_seva

Pole mkuu. Hiyo ya Backspace nimecheka ila najua inavyouma, ilinipata nikiwa fildi miaka ile.

Iko hivi. Kibodi haitumi "futa" kwenda kwenye seva, inatuma namba. Na kwenye kufuta kuna namba mbili ambazo dunia haijawahi kukubaliana. Kuna 8, ambayo inaandikwa ^H, maana yake rudi nyuma hatua moja. Na kuna 127, inaandikwa ^? na jina lake ni DEL. Hii 127 ilitoka enzi za utepe wa karatasi wa matundu, mtu akikosea herufi alikuwa anatoboa matundu yote 7 mahali pale, na matundu yote 7 yakitobolewa ndo 127, mashine ikiona hivyo inaruka. Sasa Linux yako ukibonyeza Backspace inatuma 127. Wyse yenu ilikuwa inatuma 8.

Utasema sawa, kwanini isikatae tu, kwanini ifunge programu? Ni kwasababu kwenye SCO ile 127 haina kazi ya kufuta kabisa, ndo alama ya KUKATISHA programu, kazi ile ambayo kwenye Linux inafanywa na Ctrl+C. Yani kila mama akitaka kufuta herufi alikuwa anaiambia seva "ua hii programu", na seva ni mtiifu.

Hakikisha mwenyewe. Kwenye Ubuntu yako kabla hujaingia kwenye seva bonyeza Ctrl+V, achia, halafu Backspace. Utaona ^? imeandikwa. Rudia Ctrl+V halafu F5, utaona ^[[15~ na sasa unajua yule mteja wako alizaliwaje. Halafu ingia kwenye seva andika stty -a (amri ya kuonyesha mipangilio ya teminali) usome palipoandikwa intr (ya kukatisha) na erase (ya kufuta), utuletee hapa.

waya_mweusi

Dada kamaliza kila kitu hapo. Mi nakupa njia ya mkato, ingia kwenye seva, kwenye .profile ya huyo yuza (faili linalosomwa kila akiingia) ongeza mstari huu

stty intr '^c' erase '^?'

Toka, ingia tena. Backspace haitaua tena programu. Dakika 2 kazi imeisha, usihangaike.

mtunza_stoo

Dada shikamoo na asante, ni kama ulivyosema, intr = DEL na erase = ^H. Nimeona ^? kwa macho yangu.

@waya_mweusi nimefanya ulivyosema. Sasa programu haifungi tena, hilo nashukuru, LAKINI na Backspace haifuti. Unabonyeza, kimya, herufi ipo palepale inakuangalia.

Na kuna balaa jingine, jamaa wa stoo nyuma anatumia moja ya Wyse nzima zilizobaki, kaja mbio anasema akikosea kabla hajaingia kwenye menyu inaandika ^H^H^H kwenye skrini, na alikuwa akianzisha ripoti ndefu kwa bahati mbaya anabonyeza Del inakata, sasa Del haikati. Printa ya nukta imechapa orodha ya stoo yote toka A mpaka sijui wapi, karatasi imejaa sakafuni mpaka tulipozima printa kwa swichi. Teminali zote tatu zinatumia yuza mmoja.

mkongwe_wa_siriali

Mtunza stoo futa huo mstari sasa hivi kabla hujasoma hii komenti mpaka mwisho. Ukishafuta endelea.

Waya mweusi mdogo wangu, ushauri wako siyo mbaya kwenye seva ambayo wote wanaingia na kifaa cha aina moja. Hapa siyo hivyo. Hapa kuna Wyse mbili zinazotuma 8 na kompyuta moja inayotuma 127, wote wanapita kwenye .profile moja, ukimnyoosha mmoja umewapinda wawili. Na kuna sababu nyingine kwanini Backspace sasa haifuti ndani ya programu. Ile erase ya stty inatawala pale kwenye mstari wa amri tu. Programu kama hii ya stoo ikishafunguka inasoma vitufe yenyewe mojamoja, na inajua kitufe gani ni kipi kwa kuangalia jina la TERM kwenye daftari la teminali za seva. Kwenye daftari hilo chini ya ansi imeandikwa Backspace ni ^H. Ukiipa 127 inakuona mgeni. Ulichofanya na stty ni kuiondolea ile 127 ukatili wake, hujaifundisha kufuta.

Mi kanuni yangu, na nimefunga hizi teminali toka enzi watu wanachomelea viunganishi vya pini 25 kwa mkono, ni kwamba aliyekuja mwisho ndo ajifunze lugha ya nyumba. Seva iko hapo miaka, Wyse ziko hapo miaka, kompyuta yako ya Ujerumani ndo mgeni. Ifundishe hiyo kutuma kile ambacho seva inasubiri.

Sasa tuje kwenye F. Ukibonyeza F2 dirisha lako la Ubuntu linatuma baiti 3: Escape, O, Q. SCO chini ya ansi inasubiri Escape, [, N. Kwahiyo programu inapokea Escape inasema aha huyu anataka kutoka kwenye ukurasa, inamtoa, halafu O na Q zinafuata nyuma kama herufi za kawaida zinaandikwa pale kasa (ile alama inayoonyesha unapoandika) ilipoangukia. Hakuna kilichoharibika. Na wala usishangae wy60 ilivyokujazia takataka, Wyse lugha yake ni nyingine kabisa, F1 yake ni Ctrl+A ikifuatiwa na @ na Enter, na kusogeza kasa inatumia alama zake, wakati dirisha lako linafuata ukoo wa VT100, teminali ya kampuni ya DEC ya 1978. Ulipoandika wy60 uliidanganya seva kuwa wewe ni Wyse, ikaanza kukuongelesha Kiwyse.

Dawa. Achana na dirisha la Ubuntu kwa kazi hii, linakula F1, F10 na F11 kwa matumizi yake lenyewe. Weka Putty, programu ya kuigiza teminali, ipo mpaka kwenye Linux, sudo apt install putty. Ukifungua, upande wa kushoto nenda Terminal halafu Keyboard. Backspace chagua Control-H. Chini yake kwenye Function keys chagua SCO, hilo neno lipo pale, hao jamaa walikufikiria wewe. Halafu Connection, Data, kwenye Terminal-type string futa xterm andika ansi. Halafu Window, Translation, chagua CP437, hii siyo ya kibodi ni ya ile mistari ya visanduku kwenye skrini, bila hiyo utaona herufi zenye kofia badala ya mistari. Rudi juu kwenye Session, chagua Telnet, weka namba ya seva, ipe jina, bonyeza Save. Usipobonyeza Save kesho utaanza upya na utanitukana.

Tahadhari moja. Kwenye mpangilio huo wa SCO kitufe cha Delete kinatuma ile 127. Yani Delete itakatisha programu kama ilivyokuwa kwenye Wyse. Jamaa wa stoo atafurahi siku akihamia, mama wa kaunta mwambie asikiguse.

dada_wa_seva

Mzee mkongwe nakubaliana na wewe kwa hapa. Ila siyo kila mara mteja ndo wa kubadilishwa, mi nina vifaa 40 vya aina moja na seva moja, hapo naenda kwenye seva. Na hata yeye angeweza kuandika kwenye .profile kwamba TERM ikiwa ansi fanya hivi, ikiwa wy60 fanya vile, si ndo kazi ya amri ya case?

mkongwe_wa_siriali

Angeweza, lakini si umesikia kuwa mwandishi wa mfumo hayupo. Kwenye seva ambayo hakuna anayeijua mi sigusi hata faili moja kama naweza kumaliza kwa upande huu. Ukikosea kwenye Putty unaifunga unafungua tena. Ukikosea kwenye .profile ya yuza mmoja anayetumiwa na duka zima, Jumatatu saa 2 asubuhi hakuna anayeingia.

waya_mweusi

Nimekubali wazee, samahani mtunza stoo kwa karatasi za printa 😅

kitu_ya_lushi

Bandugu jambo, mie niko Lubumbashi. Ile ya Y na Z nilisoma nikacheka, huku kwetu iko mubaya zaidi, kibodi zote ni azerty za Kifaransa, A iko pahali pa Q, W iko pahali pa Z, na M imehamia kando ya L. Namba za juu lazima ushike Shift. Sasa mutu analeta mashine yenye imewekwa Kingereza na kibodi ya Kifaransa, anaandika pasiwedi, pasiwedi haionekane, anaandika mara tatu, inafungwa. Anasema seva imeharibika! Mie siku hizi kabla ya kuandika pasiwedi naiandika kwanza pahali pa jina, pale inaonekana, nikiona iko sawa nafuta. Usifanye vile kama kuko watu nyuma yako.

Kwa ndugu wa Kariakoo: hii ya Y na Z Putty haiitengeneze, na seva haina habari nayo. Kwenye telnet na ssh (ndugu yake telnet yenye usiri) seva haijue kabisa kibodi yako ni ya Kijerumani ao ya Kifaransa, inapata herufi yenye imekwisha kuchaguliwa na mashine yako. Tengeneza kwenye Ubuntu yenyewe.

mtunza_stoo

Kwahiyo hiyo ya Y na Z ni tatizo la tatu tofauti kabisa? Mi nilidhani ni ugonjwa mmoja.

mkongwe_wa_siriali

Ndugu yetu wa Lubumbashi kaweka sawasawa. Ndiyo, ni mlango mwingine. Kidole kinabonyeza plastiki, plastiki inatuma namba ya mahali ilipo, yani kitufe cha mstari wa pili cha sita, haijui kimeandikwa nini juu. Ubuntu ndo inaamua mahali hapo paitwe Y au Z kutokana na mpangilio uliochagua siku ya kuiweka, na mdogo wako kaona kibodi ya Kijerumani kachagua Kijerumani, hajakosea, ila mama amezoea Kimarekani. Halafu ndo Putty inageuza kuwa baiti. Halafu ndo seva inatafsiri. Kwahiyo ukiona herufi ya kawaida imekosewa, angalia Ubuntu. Ukiona Backspace, F, mishale na wenzao ndo wanasumbua huku herufi ziko sawa, angalia Putty na TERM.

Nenda kwenye Settings za Ubuntu, Keyboard, ongeza English (US) halafu ondoa German kabisa, usiache zote mbili maana kuna siku mtu atabonyeza kitufe cha Windows na nafasi kwa bahati mbaya itageuka katikati ya ankara. Kisha tafuta stika za herufi, wauza vifaa vya kompyuta wanazo, au bandika plasta mbili andika kwa kalamu. Mama haangalii vidole kwahiyo yeye hana shida, stika ni za atakayemshikia siku ya likizo.

nai_techie

Niaje wasee. Nikiongezea kidogo juu ya hiyo story ya layout (mpangilio wa herufi za kibodi), ju mtu anaweza kusoma hii thread akidhani ni hivyo kila mahali. Kwa ofisi yetu huku Nairobi tunatumia kompyuta kuukuu kama teminali za seva ya Windows kwa Remote Desktop, na hapo mambo yanageuka. Remote Desktop haitumi herufi, inatuma ile namba ya kitufe, na seva ndio inaamua ni herufi gani. Kwa hivyo unaweza kurekebisha layout kwa mashine yako siku nzima na huko ndani bado @ inatoka kama ", ju huko ndani seshoni yako iko na ya Uingereza. Lazima uangalie ile alama ya lugha ndani ya seshoni, chini kulia. VNC nayo (njia nyingine ya kutumia kompyuta ya mbali) ni kinyume, hiyo inatuma herufi yenyewe.

Na kama kuna mtu huwa anabonyeza Ctrl+Alt+Delete ndani ya Remote Desktop na inafunguka kwa mashine yake badala ya seva, ni Ctrl+Alt+End. Nilikaa mwaka mzima bila kujua hiyo.

teller_mstaafu

Mada nzuri, imenikumbusha mbali. Mi nilikuwa benki moja, siitaji, mfumo wa AS/400, kompyuta ya biashara ya IBM. Walivyotoa teminali za kijani wakaleta kompyuta zenye programu ya kuigiza teminali, wiki ya kwanza ilikuwa vita. Kwenye teminali ile kitufe cha kutuma kiko chini kulia kabisa, kwahiyo kwenye kompyuta wakakiweka kwenye Ctrl ya kulia, na Enter kubwa hii mnayoijua ikawa ya kumaliza kisanduku na kuruka kwenda kinachofuata. Wageni wanapiga Enter, kasa inaruka tu, hakuna kinachotumwa, mteja yuko dirishani anasubiri hela yake. Sisi wakongwe tukawa tunafurahi.

Na F zilikuwa 24 lakini kibodi ya kompyuta ina 12, kwahiyo F13 ni Shift na F1, F14 ni Shift na F2, hivyohivyo mpaka 24. Mpaka leo kidole changu cha mwisho kinatafuta Ctrl ya kulia nikiandika meseji kwa mjukuu.

mtunza_stoo

WAKUU. Nimerudi.

Nimefuta ule mstari kwenye .profile, Wyse za nyuma zimetulia. Nimeweka Putty, nimefuata mzee mkongwe neno kwa neno. Backspace inafuta! F2 inatafuta, F5 inafungua mteja mpya na hakuna tena ukoo wa [15~. Mistari ya visanduku imetoka mizuri kuliko hata kwenye Wyse. Nimebadilisha kuwa US, Toyota ni Toyota.

Yamebaki mawili madogo. Moja, kwenye namba za pembeni upande wa kulia kitufe kile cha nukta jana kilikuwa kinatoa koma, mama akiandika waya mita 2.5 inatoka 2,5 mfumo unakataa. Leo nimejaribu mara moja kimetoa nukta lakini juu yake kimeandikwa koma, nimeshindwa kuelewa nimerekebisha saa ngapi.

La pili, mara mbili leo skrini imeganda kabisa, kibodi haifanyi chochote, nimefunga Putty nikafungua tena. Neti iko sawa.

kitu_ya_lushi

Ya koma umeitengeneza bila kujua ndugu. Wajerumani wanaandika koma pahali nyinyi munaandika nukta, na hata kibodi yao ya namba iko vile. Wakati ulitoa German ulitoa na ile koma. Bandika stika pale pia.

dada_wa_seva

Na hiyo ya kuganda, kabla hujalaumu waya, uliza kama mama alibonyeza Ctrl+S. Watu waliozoea kompyuta wanahifadhi kwa Ctrl+S, mkono unaenda wenyewe. Kwenye teminali Ctrl+S maana yake ni "simama, usiniletee maandishi mengine", na seva inasimama kweli. Unachobonyeza kinaenda ila hakuna kinachorudi, unaona kama kibodi imekufa. Bonyeza Ctrl+Q itaendelea ilipoishia. Ikiganda tena usifunge Putty, jaribu hiyo kwanza, maana ukifunga ankara iliyo wazi unaipoteza. Na angalia pia usije ukawa umebonyeza vitufe vingi kwa hasira wakati imeganda, ukiachia Ctrl+Q vyote vinafanya kazi kwa mpigo.

mtunza_stoo

Dada we ni mchawi. Siyo mama, ni kijana wetu wa mauzo, ametoka chuo juzijuzi, kila akimaliza mstari anapiga Ctrl+S "ili kuhifadhi". Nimemkamata sasa hivi mbele yangu, ikaganda, nikapiga Ctrl+Q ikaachia, kanitazama kama nimefanya kiinimacho. Nimeandika kikaratasi CTRL+Q nimebandika pembeni ya skrini, na kwenye Delete nimeweka selotepu nyekundu.

Mama wa kaunta kapiga F10 mara tatu akihakikisha, kaangalia printa inatoa ankara, kasema ila kibodi hii haina sauti, ile ya zamani alikuwa anasikia kama kabonyeza.

mkongwe_wa_siriali

Safi sana. Sasa hiyo Session uliyoihifadhi, nakili faili zake mahali pengine, zipo kwenye folda iliyojificha inaitwa .putty ndani ya nyumbani kwa yuza. Wyse ya pili ikifa, na itakufa, unachukua kompyuta nyingine unabandika hiyo folda unamaliza kabla chai haijapoa.

Na ile Wyse iliyotoa moshi, kibodi yake bado ipo? Usiitupe. Nina Wyse mbili nzima kabisa ila kibodi zimeliwa na panya. Nicheki inbox tuelewane bei.

mtunza_stoo

Ipo mzee, ila mama kasikia nikisoma hapa kaishika mkononi, anasema kwanza aulizwe yeye.